Kilio cha Ghorofa ya Tisa

Jina langu ni Bosibori, lakini katika jengo letu hapa Berea wananiita Bosi, na si kwa kufupisha tu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya misiba. Cheo hicho sikukiomba. Mtanzania mmoja wa ghorofa ya nne alifiwa na baba yake, watu wakaja wakasimama mlangoni kama kuku walionyeshewa, hakuna chai, hakuna kiti, hakuna ajuaye aanzie wapi, nami nikashindwa kuvumilia nikapaza sauti. Kufikia jioni kulikuwa na viti, sufuria ya wali na mtu wa kuongoza sala. Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Sisi ni Warundi, Wakongo, Watanzania na Wakenya, na watu wetu hufia mbali. Simu inalia kutoka Bujumbura au Kigoma au Kisii, na aliyeipokea hana nauli, au karatasi zake hazimruhusu kutoka na kurudi. Huyo hatumwachi akae peke yake na simu mkononi. Tunaweka matanga hapahapa Johannesburg. Maiti hatuna, lakini msiba tunao, na msiba hauombwi pasipoti.

Sheria niliyoitunga ni moja tu na ninaisimamia bila huruma: aliyefiwa haulizwi. Huingii nyumbani kwa mtu ukaanza, ni nani, aliugua nini, lini? Hayo ni maswali ya polisi. Unasikia kilio, unabeba kiti chako, unapanda ngazi, unasema pole, unakaa. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, umekaa.

Kwa wenzangu nilikuwa hodari. Mama yangu mwenyewe alipofariki huko Nyamira, akazikwa kabla sijapata ruhusa kazini, niliwaambia wanakamati wasijisumbue. Mwenyekiti akikalishwa chini, niliwauliza, nani atapanga viti? Wakacheka, nami nikacheka, mambo yakaisha.

Nayasema haya mapema ili msinicheke kupita kiasi nitakapofika kwa yule dada wa ghorofa ya tisa.

Alikuja mwezi wa Machi. Jina lake ni Austėja, na Balthazar, msimamizi wa jengo letu, Mrundi mwenye funguo nyingi kuliko meno, alijaribu kulitamka mara mbili akaishia kusema Astea. Mwenyewe akacheka, akaitika, na Astea likabaki. Alitoka Lithuania. Nilijifanya naijua nchi hiyo, kisha nikaenda kuitafuta kwenye simu, nikaikuta huko juu kando ya bahari ya baridi. Kikundi cha muziki kilichomleta kilitaka kumweka hotelini, yeye akataka mahali penye piano. Piano katika Berea iko moja tu, ya Mwalimu Gichuki anayefundisha muziki chuoni Braamfontein, na Gichuki alikuwa amekwenda Kenya kwa likizo ndefu. Ndivyo binti huyo alivyoangukia ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hata kamati yangu haikuilia.

Nilimpenda haraka, kwa sababu alikuwa anasalimia. Wako watu wa nchi hii hii wanaopishana nawe kwenye ngazi miaka mitano kama nguzo. Yeye alisimama, akauliza habari, akasubiri jibu. Alikuwa mwembamba, na chakula chake kilinitia mashaka: alichanganya maziwa mala, ambayo hapa huitwa amasi, na bitiruti na matango, akapata supu baridi ya rangi ya waridi kama dawa ya mtoto. Alinipa nionje. Nilimeza kwa heshima, kisha, nasema kweli, nikaomba tena.

Nilipomuuliza kazi yake akasema anaimba opera, sauti ya soprano. Sisi watu wa kwaya soprano tunaijua, ni wale dada wanaokaa mbele na kuringa. Nikamwambia aimbe kidogo nisikie. Akasema nyumbani haimbi kwa sauti nzima, anaitunza kwa ajili ya jukwaa. Na kweli, kila jioni ukipita mlangoni pake ulisikia kitu kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani, kwa hofu ya kumwamsha. Nilimhurumia. Kwenye kwaya yetu ukiimba hivyo mwalimu anakuuliza kama umekula.

Alhamisi moja nikitoka kazini, mimi ni karani wa madai katika ofisi ya bima, nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya sita, mfuko wa bitiruti magotini, hapandi wala hashuki. Nikakaa karibu naye. Tulikuwa tukielewana kwa Kiingereza, chake cha Ulaya na changu cha Kisii.

Akanieleza. Miaka yote tangu amalize chuo cha muziki Vilnius amekuwa akiimba nafasi za pembeni: mjakazi anayeleta barua, mtawa wa tatu kutoka kushoto, sauti ya ndege nyuma ya pazia. Wenzake wa darasa moja wameshachoka, mmoja anauza nyumba, mwingine ameolewa Norway. Yeye aling'ang'ana. Na sasa, kwa mara ya kwanza maishani, amepewa nafasi ya mbele. Ni opera mpya, imetungwa hapahapa Joburg, juu ya mwanamke wa Lithuania ya zamani aliyemfuata mumewe kwenye migodi ya dhahabu. Anafika, anaambiwa mgodi umemfukia mume na hawezi kutolewa. Basi anasimama kwenye mdomo wa shimo, hana maiti ya kuzika, anamlilia kwa lugha ya kwao. Kilio hicho ndicho moyo wa opera nzima.

"Na wewe hukiwezi?" nikamuuliza. Mimi mafumbo siyawezi.

"Noti zote za muziki ninazo," akasema. "Lakini Thérèse ameniambia sauti yangu ni sahani iliyooshwa ikang'aa, na haoni dalili kwamba kuna mtu amewahi kula juu yake."

Thérèse ndiye mwongozaji wao, mama wa Kikongo aliyesomea Ulaya, na naona mdomo hakuuacha huko. Alikuwa amempa mpaka Jumanne. Ikifika Jumanne kilio bado kimepoa, nafasi itakwenda kwa mwimbaji wa akiba, msichana wa Pretoria aliyekuwa akihudhuria mazoezi yote na kungoja. Na siku ya kufungua angekuja bwana mmoja kutoka jumba kubwa la opera la Ujerumani, amesafiri mahususi kuwasikiliza waimbaji wapya. Astea akikosa hapo, alisema, anarudi kwao kuwa mtawa wa tatu kutoka kushoto mpaka azeeke.

Nikamwinua pale kwenye ngazi. Nilimbebea bitiruti zake mpaka juu.

Jumamosi alasiri nilikuwa nachambua mchele, Balthazar akagonga.

"Bosi, toka kidogo. Huku juu kuna kilio."

"Cha nani?"

"Ni ya yule Astea. Eish, analia vibaya kabisa. Nimefika hata mulangoni, nikaogopa kugonga."

Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi, nikatega sikio. Kilianza chini, kama mtu anayeita jina na hataki kuliita. Kikapanda, kikapanda tena mpaka mahali ambapo mimi sijawahi kumsikia binadamu, kikakatika. Kimya. Kikaanza upya palepale. Nywele zilinisimama.

"Huyo amepigiwa simu," nikasema. "Ni mzazi. Kilio cha mzazi nakijua."

"Hapana ni mazoezi yake?" Balthazar akauliza kwa sauti ndogo.

"Mazoezi! Wewe umewahi kumsikia akiimba zaidi ya paka aliyeshiba? Halafu wimbo una kiitikio. Hicho kina kiitikio?"

Akakubali kwamba hakina. Nikatuma ujumbe kwenye kundi letu la simu: msiba, ghorofa ya tisa, viti. Kamati yangu ina kasoro zake lakini uvivu si mojawapo. Kufumba na kufumbua ngazi zilijaa. Wanawake wamejifunga leso viunoni, wanaume wamebeba viti vya plastiki vichwani, chupa za chai zinapanda, sukari inapanda, mkeka unapanda. Mbele kabisa alikuwa bibi Pascasie wa ghorofa ya sita, Mrundi, anayeuza mboga pale kwenye robot, yaani taa za barabarani. Bibi huyo amezika watu wengi kuliko sisi sote, na hajawahi kuchelewa kwenye msiba hata siku moja.

Astea alifungua mwenyewe, penseli imechomekwa kwenye nywele, uso mwekundu, macho makavu. Macho makavu niliyaona. Nikajiambia ni mshtuko, kuna watu ambao machozi yao huchelewa njiani.

"Pole," nikasema, nikaingia.

"Pole sana, dada," akasema aliyenifuata, na anayemfuata, na mwingine. Kochi likasukumwa ukutani, mkeka ukatandikwa, wanaume wakapanga viti kwenye ujia. Astea alibaki amesimama katikati ya nyumba yake.

"Bosibori, kuna nini?" akaniuliza.

"Tumesikia," nikamjibu. "Tuko hapa. Huna haja ya kusema lolote."

"Mmesikia?"

"Jengo zima limesikia, binti yangu."

Akatutazama mmoja mmoja, zile leso, zile chupa, wale akina mama waliokwisha kuvua viatu na kukaa chini. Kitu kikabadilika usoni mwake.

"Nani aliwaambia kuhusu bibi yangu?"

Bibi yupi, sikuuliza, kwa kuwa sheria ni sheria. Pascasie ndiye aliyenyoosha mkono, akamvuta chini, akamkalisha ubavuni pake.

"Wihangane, mwana wangu," akamwambia kwa Kirundi, na pole ya namna hiyo haihitaji mkalimani.

Astea akainamisha uso magotini pa Pascasie. Akalia. Na kilio hicho hakikufanana na kile tulichokisikia kwenye ngazi. Kilikuwa kibaya, cha makamasi na kwikwi, hakikupanda popote. Nikamtupia Balthazar jicho la nilikuambia. Tukaanza wimbo, mmoja wa zile za matanga ambazo Mrundi na Mkisii wote wanazijua kwa maneno tofauti, chai ikamiminwa, kila kitu kikawa kinakwenda kama ninavyopenda.

Balthazar ndiye aliyeharibu. Alikuwa anatafuta pa kuweka chupa ya chai, akaiweka juu ya piano, akaigusa simu ya Astea iliyokuwa hapo. Simu ikaanza kusema. Kwanza piano. Kisha ikatoka ile sauti, ile ile, inaanza chini, inapanda, inapanda tena, inakatika. Halafu tukamsikia Astea mwenyewe akisonya, akigeuza karatasi, akianza upya.

Vikombe vikawekwa chini. Simu ikalia mara ya pili mbele ya kamati nzima ya misiba, na wote, taratibu, wakanigeukia mimi.

Ndugu zangu, nimewahi kuaibika, lakini aibu hiyo ilikuwa na mikono na miguu. Nilikuwa nimewapandisha watu ghorofa tisa na sukari yao kuja kuomboleza mazoezi ya Jumanne. Nikainuka, nikaanza kukusanya vikombe.

"Jamani, tumekosea," nikasema. "Twendeni. Astea, utusamehe, tulidhani..."

"Weye kaa chini," Pascasie akasema. Hakuinua sauti. Mkono wake ulikuwa bado mgongoni pa Astea. "Uyu mutoto ana mufu wake na hajamulilia. Kwani huoni? Kaa chini, Bosi."

Nikakaa. Astea alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mle katikati, kipande kwa kipande, nami nikiwatafsiria wenzangu, akatueleza.

Bibi yake aliitwa Barbora. Kijijini kwao, mtu akifa, majirani huja na kukaa kuzunguka jeneza, nao huimba. Huimba nyimbo za mateso ya Bwana, ndefu sana, wanaziita milima. Wakichoka wanalishwa, wakishalishwa wanaendelea. Barbora ndiye aliyekuwa kiongozi. Akiwa mtoto wa shule, Astea alikalishwa kando ya majeneza ya majirani, akaambiwa ashike sauti ya juu kwa sababu wazee imewashinda. Kabla ya Vilnius, kabla ya mwalimu yeyote wa muziki, hicho ndicho kilikuwa chuo chake. Na bibi alimtaka amwekee ahadi moja: nikifa mimi, ile sauti ya juu utanishikia wewe.

Mwaka uliopita Astea alikuwa kwenye mashindano ya uimbaji huko Riga. Bibi akafariki. Nyumbani wakakaa kikao wakaamua asiambiwe, asije akavurugika. Akaimba, akapata nafasi ya pili, akapiga simu kumpa bibi habari njema. Ndipo mamake alipomwambia. Bibi alikuwa ameshazikwa asubuhi ile.

"Walizika bila sauti ya juu," akasema. "Tangu hapo nikifungua mdomo nasikia noti tu."

Hakuna aliyemlaumu mamake. Wengi wetu tumefichwa vifo. Tumeambiwa mzee anaumwa kidogo, kumbe ameshawekwa kaburini. Mama mmoja Mkongo pale mlangoni aliinua leso akajifunika uso.

Pascasie akauliza kitu, nikakitafsiri: "Anasema, huo wimbo unaukumbuka?"

Astea akaitikia kwa kichwa.

"Basi mushikie sasa. Sisi tutakaa," Pascasie akasema.

Akaimba. Haikuwa ile sauti ya ngazini iliyonisimamisha nywele. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kijijini anayemsaidia bibi yake, ya juu, nyoofu, haina mapambo. Lugha hatukuijua hata neno, lakini watu wa kwaya hawapotei. Ubeti wa kwanza tulisikiliza, wa pili wanawake wakapata sauti ya kati, wa tatu Balthazar na wanaume wa kwenye ujia wakaweka besi chini yake kama mtu anayeweka kigoda. Mlima ukaisha, akaanza mwingine. Tulipochoka tukala wali na sombe, yaani kisamvu, kisha tukaendelea. Barbora wa Lithuania, ambaye hakujua kwamba Berea ipo duniani, alipata matanga yake, na nathubutu kusema hayakuwa na kasoro.

Jumanne nilikaa ofisini mbele ya madai ya watu bila kuelewa hata moja. Nilijua ameingia mazoezini asubuhi. Mchana nilikwenda msalani kumwomba Mungu, kwa sababu ofisi yetu haina mlango mwingine unaofungwa. Saa tisa simu ikatetemeka. Alikuwa ameandika: "Wamenibakisha. Thérèse ameuliza ni nani aliyekula kwenye sahani. Nimemwambia ni kamati."

Nilipiga kigelegele kimoja, kifupi. Meneja akaniuliza kama kuna mtu amelipwa.

Siku ya kufungua Astea alitupatia safu nzima kwenye ukumbi mmoja wa Braamfontein. Nikaitisha kikao cha kamati kabla hatujaondoka, nikatoa maagizo. Huku si kanisani. Hakuna vigelegele, hakuna kuitikia, hakuna kupiga makofi mpaka watu wenyewe wapige. Balthazar, simu izimwe. Bibi Pascasie, najua roho yako, lakini leo hakuna kuinuka. Mtu akishindwa auume mkono. Wote wakakubali, sharp, Bosi. Tukakaa safu yetu tumependeza, tumenyamaza kama wanafunzi siku ya mtihani.

Mambo mengi ya opera ile sikuyashika. Taa, wachimba migodi, okestra iliyojificha shimoni. Kisha jukwaa likabaki tupu, Astea akatoka peke yake amevaa koti jeusi na kitambaa kichwani. Akasogea mpaka kwenye mdomo wa lile shimo la kuigiza, akapiga magoti. Hilo la magoti halikuwepo mwanzoni, aliniambia baadaye, alisema mtu hawezi kulia vizuri akiwa amesimama.

Akaanza chini, kama mtu anayeita jina na hataki kuliita.

Nilikijua kilio hicho. Nilikuwa nimekisikia kwenye ngazi, nimekisikia kwenye simu, nilidhani kimeniishia. Lakini safari hii kilipopanda hakikuwa kinapanda peke yake. Mle ndani mlikuwa na bibi Barbora, na yule mtoto wa sauti ya juu, na mkeka, na mkono wa Pascasie mgongoni. Kikafika mahali pale pa juu kabisa, kikakaa hapo, kikasubiri. Nami nikamwona mama yangu.

Nilimwona anapepeta wimbi uani, amevaa sweta langu la shule ambalo alikataa kulitupa. Nilikumbuka simu ya kaka yangu, jinsi nilivyosema asante kwa taarifa, nikarudi kwenye faili iliyokuwa mbele yangu. Sikuwa nimemlilia mama yangu. Kila mtu wa jengo lile nilikuwa nimemkalisha kwenye mkeka, na mimi nilikuwa nimesimama na kitabu cha kuhesabia viti.

Sauti ikanitoka. Sikuiita. Ilitoka ikiwa kubwa kama ya mtu aliyechomwa, katikati ya ukumbi uliotulia, mimi mwenyewe mtoa maagizo. "Mama! Mama yangu!" Watu wa mbele wakageuka. Mzee mmoja akasema shii. Balthazar akanishika mkono. Pascasie hakuninyamazisha, alisogea tu akanipa bega.

Juu ya jukwaa Astea hakugeuka. Okestra ilikuwa imenyamaza, ndipo palipoandikwa kimya, na nahisi kimya kile kilirefuka kuliko kilivyoandikwa. Kisha akaendelea, na sehemu ya mwisho akaishusha polepole, kama mtu anayemteremsha mwenzake ngazi za giza. Makofi yalipolipuka mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya leso. Ukumbi mzima ulisimama. Nilitoka kwa mlango wa pembeni bila kumpongeza, kwa aibu, nikijua kwamba bwana wa Ujerumani alikuwepo na nimemharibia binti wa watu siku yake.

Haikuharibika. Jumapili asubuhi Balthazar alinigongea kunipa habari: bwana yule amempa mkataba. Kuanzia Agosti ataimba Ujerumani, nafasi za mbele, na mwaka ujao amealikwa Vilnius, nyumbani, wamsikie wao waliozoea kumwona kushoto. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jikoni peke yangu. Nilimshukuru kwa msichana yule, kwa bibi yake, kwa masikio yangu mabovu yasiyojua mazoezi wala msiba. Sasa hivi watu wanaandika habari zake, wanataja walimu wake na tuzo zake, na yote ni kweli. Mimi nikisoma natabasamu, kwa sababu najua ghorofa ambayo hawaitaji.

Alasiri hiyo ya Jumapili mlango uligongwa. Nilikuwa bado nimevaa kanga ya kulalia, uso umenivimba. Nikafungua.

Astea alikuwa amesimama hapo, kifuani amekumbatia kiti cha plastiki. Alikuwa amekishusha kutoka ghorofa ya tisa, mguu mmoja umechafuka kwa kukwaruza ukuta. Nyuma yake Pascasie na mkeka, nyuma ya Pascasie Balthazar na chupa mbili za chai, na ngazi nzima kwa nyuma leso tupu.

"Pole," akasema, kwa Kiswahili.

Nikataka kumfanyia mzaha. Nikataka kumuuliza nani amewaambia. Nikafungua mdomo nikaanza kueleza, kwamba ni mama, kwamba ni zamani, kwamba si kitu, wasijisumbue, viti vyenyewe nani...

"Nimesikia," akasema.

Akapita, akaweka kiti chake karibu na dirisha, akakaa. Hakuniuliza ni nani, wala aliugua nini, wala lini. Wengine wakaingia mmoja mmoja, wakavua viatu. Pascasie akatandika mkeka, akaupigapiga kwa kiganja mahali pangu, nami nikaenda nikakaa. Tulikaa mpaka chai ikaisha, Balthazar akashuka kuchemsha nyingine.